Mafuvu Matatu: Siku Sita kutoka Dar hadi Songea

Siku ya kwanza, 22 Februari. Dar es Salaam

"Makumbusho tunaenda kufanya nini, Anko? Ile si stendi?"

Ima hakuwa anatania. Ni mpwa wangu, mtoto wa dada, kamaliza kidato cha nne mwaka jana, na tangu matokeo yatoke kazi yake ni kulala na simu akisubiri kupangiwa shule ya kidato cha tano. Kwa mtoto wa Mbagala, Makumbusho ni jina linaloitwa na makonda na mahali pa kubadilishia gari. Kwamba stendi ile imepewa jina la Kijiji cha Makumbusho kilicho hapo jirani, Barabara ya Bagamoyo, chenye nyumba za asili za makabila ya nchi hii tangu miaka ya 1960, hajawahi kuambiwa na mtu. Mtu huyo nilipaswa kuwa mimi. Nimefundisha Historia sekondari miaka 31 kabla ya kustaafu.

Aibu yangu haiishii hapo. Miaka yote hiyo nimefundisha vita ya Majimaji, ile ya kumpinga Mjerumani, kwa Kiingereza, sababu tano na matokeo matano, funga daftari, njoo kwenye mtihani. Songea kwenyewe sijawahi kukanyaga. Kwa hiyo mwaka huu, kiinua mgongo kikiwa bado kina pumzi, nikaamua niwahi tarehe 27 Februari, siku ya kuwakumbuka mashujaa wa Majimaji, na Ima nikambeba kama mzigo wa mkononi. Nikamwambia nitamwonesha mafuvu matatu: moja lipo, moja lilirudi, la tatu halijarudi. Neno "fuvu" lilimfanya aweke simu chini, angalau kwa dakika moja.

La kwanza lipo Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, karibu na bustani ya mimea. Jengo la zamani lilifunguliwa mwaka 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Serikali ya kikoloni ilijenga nyumba ya kumkumbuka mfalme wao; leo sisi tunaitumia kujikumbuka wenyewe. Uani kuna mabaki ya vyuma na kumbukumbu ya mlipuko wa bomu kwenye ubalozi wa Marekani wa tarehe 7 Agosti 1998. Ima alipita hapo haraka, kwake ni jambo la kabla hajazaliwa. Mimi nilisimama. Siku ile nilikuwa darasani, na vioo vya madirisha yetu vilitikisika.

Fuvu nililomleta kuliona ni la Zinj. Mary Leakey alilipata Bonde la Olduvai tarehe 17 Julai 1959, mumewe akiwa amelala kambini mgonjwa. Umri wake ni kama miaka milioni 1.75. Kinachooneshwa kwa wageni ni nakala, lakini nakala inatosha kukushtua: juu ya utosi kuna mfupa ulioinuka kama ukingo wa jahazi, na magego yake ni mapana kama sarafu. Ima alijipapasa taya.

"Kwa hiyo huyu ndiye babu yetu?"

Hapo nikalazimika kuwa mwalimu tena. Kitaalamu Zinj si babu yetu. Ni wa ukoo mwingine, wa ndugu wa babu, ukoo uliokatika bila kuacha mtoto. Lakini ukimwambia Mtanzania yeyote habari za Olduvai, atakujibu kifua mbele kwamba binadamu wa kwanza alitoka kwetu, na atakutajia Zinj. Hata jina lake ni la kwetu: Zinj ni lile lile neno la kale la Waarabu kwa pwani hii na watu wake, lililobaki ndani ya jina Zanzibar. Tumemchukua mtu ambaye hata si wa damu yetu tukamweka kwenye kichwa cha meza ya ukoo, na sioni ubaya. Zinj hana kabila. Alikufa kabla hajazaliwa Msukuma wala Mchaga wa kumdai, na kwa nchi yenye makabila zaidi ya 120 huyo ni babu asiyeleta ugomvi.

Mlangoni kuna kitabu cha wageni. Jina, unakotoka, maoni. Nilichungulia ukurasa: "Nzuri." "Pazuri sana." "Nimejifunza." Ima akaandika, "Poa."

Siku ya pili, 23 Februari. Njiani

Kituo cha mabasi Mbezi Luis, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, tayari pamejaa watu, mabegi na wauza maji. Basi letu lilitoka kwa wakati, nikalisifu mapema mno. Baada ya Morogoro tairi la nyuma lilipasuka, ikabainika la akiba nalo lina pancha. Saa mbili nzima tulikaa chini ya mwembe, konda akiongea na simu na kuapa kwamba fundi yupo jirani. Abiria tukawa tumefahamiana wote kabla hata ya Mikumi.

Mikumi twiga walikuwa karibu na lami. Konda akatangaza kuchimba dawa baada ya kutoka hifadhini. Ruaha Mbuyuni vitunguu vilipitishwa madirishani, kisha tukaanza kuupanda Kitonga, lori moja likikoroma mbele yetu kona baada ya kona, na hewa ikawa ya baridi ghafla kama mtu aliyefungua friji.

Baada ya Ilula na nyanya zake nikamwambia Ima akae macho upande wa dirisha. Kuna mnara kando ya barabara pale Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891 msafara wa jeshi la Wajerumani chini ya Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, uliingia kwenye mtego wa Wahehe. Nyundo aliuawa pale pamoja na sehemu kubwa ya askari wake. Basi lilipita kwa kasi, mnara ukaonekana na kupotea.

"Lugalo?" Ima akageuka. "Kama hospitali?"

Amezaliwa Hospitali ya Lugalo, Dar es Salaam. Miaka 17 cheti chake cha kuzaliwa kinalitaja jina hilo na hakuwahi kujua kwamba ni uwanja wa vita, mbali huku nyanda za juu. Nikafikiri: kumbe taifa limeanza kuandikwa majinani kabla ya kwenye makabati ya vioo. Kambi ya jeshi ikaitwa Lugalo na mji ukabaki na jina la Songea. Majina tumeyapanda yakaota, tukasahau kuwaambia watoto mbegu ilitoka wapi.

Iringa tuliingia usiku. Chai ya maziwa, chapati mbili, usingizi.

Siku ya tatu, 24 Februari. Iringa na Kalenga

Asubuhi tulipita Boma la Iringa, jengo la Wajerumani ambalo tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Tulikaa muda mfupi, maana roho yangu ilikuwa Kalenga.

Kalenga ni kama kilomita 15 kutoka mjini. Bajaji yetu iliruka mashimo na dereva akatupa historia bure, nusu yake sahihi. Akatuonesha upande wa Tosamaganga, jina ambalo wenyeji husema maana yake ni kurusha mawe, kwa sababu Wajerumani walisimama juu huko wakairushia mizinga ngome ya Mkwawa, Mtwa (mtawala) wa Wahehe. Ngome yenyewe iliitwa Lipuli. "Kama timu!" akasema Ima. Kama timu, ndiyo. Ngome ilianguka Oktoba 1894, timu ya mpira ikarithi jina.

Makumbusho ya Kalenga ni nyumba ndogo, ndogo kuliko madarasa mengi niliyofundishia. Nje kuna makaburi ya familia, la Sapi mwana wa Mkwawa na la mjukuu wake Adam Sapi Mkwawa, yule aliyekuwa Spika wa Bunge letu. Tulisalimiwa, "Kamwene," tukaitika kama tulivyofundishwa na dereva. Ndani kuna mikuki, ngao na marungu. Na kwenye sanduku la kioo, fuvu.

Nataka nilieleze polepole, kwa sababu tulilitazama polepole. Ni dogo kuliko nilivyotarajia. Rangi yake ni ya kahawia kama gamba la nazi lililozeeka, na lina tundu la risasi. Halina ukali wowote, na huwezi kutambua kwamba hiki ndicho kichwa ambacho Wajerumani walikiwekea zawadi ya rupia 5,000 na kukisaka miaka minne baada ya kuanguka kwa Lipuli. Tarehe 19 Julai 1898, askari wakiwa wamemkaribia, Mtwa Mkwawa alijipiga risasi. Aliyefika wa kwanza akakuta maiti. Kichwa kikakatwa, kiwiliwili kikazikwa Mlambalasi.

Ima alinong'ona, kama tuko msikitini, "Kilifikaje huku?"

Ni kisa ambacho ningekitunga wangesema nimezidisha chumvi. Mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mataifa yalikaa Versailles kuandika mkataba wa kuibana Ujerumani, fidia, mipaka, majeshi. Humo humo, kifungu cha 246, wakaandika kwamba ndani ya miezi sita Ujerumani irudishe Qurani ya Khalifa Othman na fuvu la Sultani Mkwawa. Mtu wa Uhehe ndani ya mkataba uliochora upya ramani ya Ulaya! Wajerumani wakajibu hawajui liliko. Miezi sita ikawa miaka 35.

Aliyelifufua jambo hilo ni Gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, Edward Twining. Alikwenda Bremen, kwenye makumbusho yenye mafuvu kama 2,000 rafuni, yakachujwa yaliyotoka Afrika Mashariki, kisha yakalinganishwa kwa vipimo na vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Moja likalingana, na lilikuwa na tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi hapa Kalenga mbele ya Wahehe waliokusanyika kutoka kila upande.

"Sasa Anko," Ima akasema, na hapo nikajua safari imeshalipa nauli yake, "kupima kichwa kwa rula, ndiyo wakajua ni la kwake? Kama si lenyewe?"

Wanahistoria wameliuliza hilo swali, na baadhi hawajaridhika hadi leo. Mimi nina maoni yangu. Lile fuvu liliwekwa hapa, likaliliwa hapa, wazee wakalipokea kwa heshima zote za mazishi ya Mtwa. Kama lilikuwa la mtu mwingine, la mbeba mizigo fulani aliyepigwa risasi porini bila jina, basi maskini yule ndiye aliyepata mazishi ya kifalme, na hayo nayo ni haki. Lakini nilimwambia pia kwamba Gavana hakuja kwa mapenzi matupu. Mwaka ule Kenya ilikuwa inawaka moto wa Mau Mau, na serikali ya kikoloni ilihitaji Wahehe wawe upande wake. Fuvu lilirudi likiwa na bei.

Na hapa kuna jambo ambalo sijawahi kuliona likiandikwa ukutani mahali popote. Hesabu siku kuanzia 19 Juni 1954. Siku 18 baadaye, tarehe 7 Julai, kikundi cha watu kilikaa Dar es Salaam kikaanzisha TANU, chama cha kudai uhuru. Gavana alidhani amelituliza kabila. Kumbe kule mjini watu walikuwa wameshaanza kufikiri kitaifa. Mjukuu wa fuvu lile akaja kukalia kiti cha Spika wa nchi huru. Ndiyo maana nasema vitu vya makumbusho havimtii aliyeviweka. Unaweza kuleta fuvu ili watu wawe raia wema wa Malkia, na vijukuu wakaja kulitazama kama ushahidi kwamba palikuwa na mtu aliyekataa.

Mimi ni Mzigua wa Handeni. Hakuna babu yangu aliyepigana Lugalo. Nilipokuwa nimesimama mbele ya kile kioo koo lilinikaba, nikajifanya nasafisha miwani.

Kitabu cha wageni cha Kalenga, Ima aliandika: "Nzuri sana. Swali: ni lenyewe?"

Jioni tulipanda jiwe la Gangilonga kuangalia mji ukiwasha taa. Kwa kuwa ni masika ya ulanzi, pombe ya mianzi, mzee mmoja barabarani alikuwa na madumu ya mtogwa, ule mtamu wa asubuhi ambao haujachacha. Ima alikunywa kikombe kimoja akataka cha pili. Nikamkatalia, mama yake ni dada yangu na namfahamu.

Siku ya nne, 25 Februari. Iringa hadi Songea

Mchana kutwa ndani ya basi. Makambako tukakata kushoto. Njombe ilikuwa ukungu, misitu ya mbao, watu wamevaa makoti mchana. Milima ya kuelekea Ruvuma ni mizuri, lakini nilisinzia, sitadai nimeiona yote.

Kilichoniamsha ni kelele za utani. Kiti cha mbele yetu alikaa mama mmoja wa Kingoni anayerudi nyumbani, na nyuma yetu kijana wa Kihehe fundi umeme anayekwenda kazini Songea. Mama alipojua kijana katoka wapi, hakumpa nafuu.

"Ninyi si tuliwatandika na babu zenu mkakimbilia milimani?"

"Bibi, waliokimbia ni nyinyi. Mlikimbia kutoka Afrika Kusini mpaka hapa, mngeona bahari mngeingia na maji."

Basi zima likacheka. Mama akampa kijana ndizi mbili na kumwambia hiyo ni fidia ya vita.

Ima akaniuliza kama ni kweli walipigana. Walipigana haswa, vita kubwa za miaka ya mwisho ya 1870 na mwanzo wa 1880, bila mmoja kumshinda mwingine moja kwa moja. Na liko jambo zito kuliko hilo. Majimaji ilipolipuka 1905, Wahehe waliokuwa wameshavunjwa nguvu hawakuingia, na wapo waliotumiwa upande wa Mjerumani dhidi ya Wangoni na wenzao. Kalenga tulikuwa tumemwona shujaa, na kesho tungewaona mashujaa wengine. Kwenye hadithi ya taifa wanakaa benchi moja, bega kwa bega, kama vile walikuwa wanapelekeana salamu.

Nilifundisha hivyo hivyo na naelewa kwa nini. Nchi changa ikianza kuhesabu nani alimsaliti nani, haifiki mbali. Majimaji ikaitwa vita ya watu wote, makabila mengi chini ya imani moja ya maji ya kuzuia risasi ya Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, na Mwalimu Nyerere alipozungumza Umoja wa Mataifa mwaka 1956 aliitaja kwa namna hiyo, watu waliosimama kwa sababu hawakukubali kutawaliwa. Hilo lilikuwa kweli na lilihitajika. Lakini sasa tumekua. Yule mama na yule fundi wameweza kuusema ugomvi wote kwa sauti, mbele ya abiria 50, na kuumaliza kwa ndizi. Sioni kwa nini kabati la kioo liwe na woga kuliko basi.

Siku ya tano, 26 Februari. Songea

Makumbusho ya Majimaji yako eneo la Mahenge, mjini hapa hapa, na yalianza mwaka 1980. Kesho ni siku yenyewe, kwa hiyo leo palikuwa na watu wanafagia, wanapaka chokaa, wanajaribu spika. Viti vya plastiki vilikuwa vinashushwa kutoka kwenye lori kimoja kimoja, kijana akivihesabu kwa sauti na kukosea kila akifika themanini na kitu.

Historia ya hapa ni fupi kuieleza na ngumu kuimeza. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni, zaidi ya 60, akiwemo Nkosi (chifu) Mputa Gama, na kuwazika katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni, hakuwa miongoni mwao siku hiyo. Inasimuliwa kwamba Wajerumani walitaka kumwacha hai, na yeye akadai anyongwe kama wenzake. Alinyongwa siku chache baadaye. Kaburi lake liko peke yake, karibu na lile la wengi.

Katika vita nzima, kutoka Umatumbi hadi huku, waliokufa wanakadiriwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa, kwa sababu jeshi lilichoma maghala na mashamba. Nimeyaandika makadirio hayo ubaoni mara nyingi. Leo kwa mara ya kwanza niliyafikiria kwa macho: tofauti kati ya idadi ndogo na kubwa ni watu 225,000. Yaani tumekosa hata kujua watu wa kujaza mji mzima kama waliishi na kufa au la. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotuma wanafunzi vijijini mwaka 1968 kukusanya masimulizi ya wazee, walikuwa wanawahi kabla ya mashahidi wa mwisho hawajaondoka. Bila madaftari ya wale wanafunzi, tungebaki na ripoti za waliochoma maghala.

Ima alikuwa amesimama kwenye kaburi la Nduna Songea, mikono nyuma.

"Hili ndilo la tatu?"

Ndilo. Hapa hakuna cha kuona. Inaaminika kwamba baada ya kunyongwa kichwa kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na hadi leo hakijapatikana. Si yeye peke yake. Mangi (chifu wa Kichaga) Meli wa Old Moshi alinyongwa Machi 1900, na familia yake inatafuta kichwa hadi leo. Watafiti Berlin walipochunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki, mengi yalikuwa ya Rwanda, na karibu 200 ya kwetu. Mji huo huo umesimamisha mjusi wetu wa Tendaguru, dinosaria, mifupa iliyochimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, kimo zaidi ya mita 13, na watu wanalipa kiingilio kumwona. Mjusi angalau kasimama ukumbini. Mafuvu yalikaa kwenye maboksi.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa hapa, akakutana na wajukuu wa Nduna, akaomba msamaha. Wengine waliona ni maneno tu. Mimi nilipoangalia taarifa ya habari siku ile niliona jambo jingine: kwamba alilazimika kuja hapa. Makumbusho haya madogo ya Songea ndiyo yalikuwa na anwani. Kungekuwa na uwanja wa mpira hapa, au maduka, angeombea msamaha wapi? Hotelini Dar? Wazee waliolilinda eneo hili tangu zamani walikuwa wanatunza mlango ambao mdaiwa angekuja kubisha.

Na neno lenyewe, ukilisikiliza, lina ukali. Haliitwi "mahifadhi", linaitwa makumbusho. Na mtu hukumbushwa deni.

Siku ya sita, 27 Februari. Songea

Saa moja asubuhi ngoma zilikuwa zimeshaanza. Wazee wa Kingoni walikuja na mikuki na ngao, wengine mavazi ya ngozi juu ya suruali za kitambaa, saa mkononi. Mmoja alikuwa kibogoyo mwenye sauti ya mtu wa miaka 20. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika marahaba bila kuniangalia, macho yake yalikuwa kwa Ima.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Ima akababaika. Mama Mzigua, baba Mnyakyusa, kazaliwa Lugalo, kakulia Mbagala. "Natoka Dar, babu."

"Dar si kabila," mzee akasema. Kisha akampa ngao aishike wakati yeye anafunga kamba ya kiatu.

Ima aliishika kwa mikono miwili. Ni ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa, nzito kuliko inavyoonekana, na nyuma ina kijiti cha kushikia kilicholainishwa na viganja hadi kinang'aa. Mzee akachukua muda mrefu kwenye kile kiatu. Ima hakuomba kupigwa picha, na mimi ambaye nilikuwa na simu tayari mkononi nikairudisha mfukoni.

Hotuba zilikuwa nyingi na ndefu, nitazipita. Mashada yaliwekwa. Wakati wa ngoma ya lizombe vumbi lilipanda, akina mama wakapiga vigelegele, na wanafunzi wa shule ya msingi waliokuwa wamesimama juani tangu asubuhi wakachangamka ghafla, wakawa wanaiga hatua za wazee nyuma ya mgongo wa mwalimu wao. Mwalimu aliona, akageuka upande mwingine. Mimi pia ningegeuka.

Mchana, watu walipoanza kutawanyika kwenda kutafuta wali, tuliingia ndani mara ya mwisho kusaini kitabu. Nyuma yetu palikuwa na foleni ya wale wanafunzi, wanasukumana. Ima aliishika kalamu muda mrefu hadi mtoto mmoja akamwambia, "Kaka, harakisha." Akaandika jina. Kwenye unakotoka akaandika Dar es Salaam. Kwenye maoni:

"Kichwa kinarudi lini?"

Akanipa kalamu. Ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza, na uzi ulikuwa mfupi, ikabidi niiname. Nikaandika jina langu, nikaandika Handeni. Nafasi ya maoni ni mstari mmoja tu. Nikachora vile vijistari viwili tulivyokuwa tukiwafundisha watoto, vya kuonesha "kama hapo juu", nikampisha mtoto wa nyuma.